Mafuta ya Cherehani

Kijijini kwa mama, kando ya Mto Tana huku Balambala, kuna wazee wawili wanaokubaliana karibu kila kitu: mvua itakuja lini, ngamia yupi amechoka, mwanasiasa yupi anatupima akili. Wasichokubaliana ni jambo moja dogo. Risasi inafaa kupakwa mafuta, au inafaa kukaa kavu?

Wote wawili ni polisi wa akiba. Watu bado wanawaita KPR, na wale wa zamani wanasema homugadi. Mmoja ni ndugu mdogo wa mama, kwa hivyo ni abti wangu, na kama ilivyo kwetu Wasomali yeye pia ananiita abti. Mjomba na mpwa tunagawana jina moja. Wa pili ni jirani yake, amempita kwa miaka kama 15. Huyo namwita adeer, kwa heshima tu, ingawa hatuna undugu wa damu.

Adeer anapaka. Ana kile kichupa kidogo cha mafuta ya cherehani chenye mdomo mwembamba, kile ambacho kila fundi wa nguo pale Garissa mjini anacho juu ya meza. Anadondosha tone moja kwenye kitambaa, anapitisha kitambaa kwa kila risasi kuanzia kichwani mpaka kitakoni, anazirudisha kwenye magazini moja moja. Abti hapaki. Yeye anachukua kipande cha macawis kuukuu, kikavu, anafuta mpaka zing'ae, basi. Akimwona mwenzake ametoa kichupa humuuliza, "Leo unakaanga mandazi ama unalinda watu?" Na adeer hujibu vilevile kila siku: chuma kisicho na mafuta ni chuma kilichokufa.

Kwa miaka mingi nilichukulia hizo story kama utani wa wazee waliochoka kungoja chai. Halafu nikapata kazi ya kuandika juu ya jambo hilo hilo, na aliyenilipa hajawahi kusikia jina Balambala.

Mimi naandika kwa kipande. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwisha, na tangu hapo nimekula kwa maneno: maelezo ya magodoro, ya viatu vya kukimbilia, ya programu za mahesabu, yote kwa wateja ambao sitawahi kuwaona uso. Mwaka jana mteja mmoja wa Marekani, muuzaji wa vifaa vya kujijazia risasi nyumbani, aliagiza makala ya maneno 1,200. Swali lake lilikuwa hili: ukishamaliza kujaza risasi upya, ni lazima uyafute yale mafuta yaliyobaki kwenye ganda?

Kwetu hapa swali lenyewe linashangaza kabla hata ya jibu. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, huwezi kukaa nyumbani kwako Kenya ukitengeneza risasi kana kwamba unashona viatu. Na sisi wa Kaskazini Mashariki tuna woga wetu wa ziada. Mtoto wa kwetu hufundishwa mapema kwamba ganda la risasi halichezewi na haliokotwi, hata kama linang'aa vipi, kwa sababu likionekana kwenye boma litaleta watu wenye maswali. Nyumba nyingi zina kumbukumbu za misako ya zamani, na katika kumbukumbu hizo ganda tupu halikuwa kitu kidogo.

Kule kwa mteja wangu, mtu anatoka uwanja wa shabaha na mfuko wa maganda yake mwenyewe na anayapeleka gereji. Ganda lililofyatuliwa limetanuka, kwa hivyo analisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma lirudi kwenye kipimo. Bila kulainishwa linakwama humo ndani, na kulitoa ni kilio. Ndiyo maana linapakwa mafuta kwanza. Wengi hutumia lanolini, yaani yale mafuta yanayotoka kwenye manyoya ya kondoo. Nilipomwambia ayeeyo kwamba Wamarekani wanapaka risasi mafuta ya kondoo, aliuliza kama na ngamia wana dawa yao.

Ganda likisharudi kwenye kipimo, linawekwa fataki mpya kitakoni, baruti ndani, kichwa juu. Mafuta yamemaliza kazi yake lakini bado yapo, utando mwembamba usioonekana vizuri. Kuna wanaosema yaache, yatasaidia ganda kutoka kwenye bunduki bila kukwaruzwa. Kuna wanaosema yafute, kila tone. Nilijikuta nasoma ubishi wa abti na adeer, ila kwa Kiingereza na kwa vipimo vya desimali.

Ili kuandika kitu cha maana ilibidi nijue ganda linafanya nini hasa. Wengi wetu tunafikiri ni kikopo cha kubebea baruti tu. Kumbe lina kazi mbili nyingine, na zote hufanyika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ganda limetengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki, 70 kwa 30, ambao ni laini kiasi cha kunyumbulika. Baruti ikiwaka, presha ndani hufika zaidi ya mara 3,000 ya hewa hii tunayopumua. Ganda linatanuka na kujibana kwenye kuta za chemba. Hapo linaziba, gesi isirudi kwenye uso wa mpigaji. Hapohapo linang'ang'ania. Ule msukumo ambao ungerudi wote nyuma kwenye bolti unabebwa kwa sehemu na kuta za chemba, kwa sababu ganda limezishika. Kichwa kikishatoka na presha kushuka, shaba inajirudi kidogo, inaachilia, na ndoano inalivuta ganda nje.

Sasa tia mafuta kati ya ganda na ukuta. Ganda halishiki vizuri. Linateleza kurudi nyuma, na bolti inapokea kipigo ambacho ilipaswa kugawana na chemba. Hii haimaanishi bunduki italipuka usoni siku hiyo. Watengenezaji waliacha nafasi ya usalama. Inamaanisha kila mlio unachosha chuma zaidi kuliko kilivyokusudiwa, na bunduki ikiwa ya zamani, ile nafasi ya usalama imeshaliwa na miaka.

Waingereza walilijua jambo hili vizuri. Walipokuwa wanathibitisha bunduki za Lee-Enfield, ukoo wa ile Mark 4 ambayo wazee wa huku waliibeba kabla ya G3, walizipiga risasi maalum zenye nguvu kupita kawaida. Moja ilipigwa kavu. Nyingine ilipakwa mafuta kwanza, makusudi kabisa, ili bolti ibebe mzigo wote bila msaada. Bunduki iliyostahimili hiyo ya mafuta ndiyo ilipigwa muhuri. Yaani kile anachofanya adeer kwa upendo kila asubuhi, kiwandani kilikuwa mtihani wa kuona kama bunduki itavunjika.

Nilimpigia abti nimweleze hilo, na alifurahi kuliko siku timu yake iliposhinda ligi. Lakini kisa kilichonikalia akilini zaidi si cha Waingereza. Ni cha jeshi lililoamua kinyume chao, kwamba kila risasi lazima ipakwe mafuta, na lilikuwa jirani yetu hapa mashariki.

Waitalia walitawala Somalia, na tangu 1925 walikuwa pia na Jubaland, iliyokatwa kutoka Kenya na kupewa wao. Bunduki yao nyepesi ya rashasha ilikuwa Breda ya mwaka 1930. Mtambo wake ulilivuta ganda kwa ghafla na kwa nguvu, bila kulilegeza kwanza, kwa hivyo ganda kavu liliweza kukwama. Dawa waliyoipata ilikuwa kuweka pampu ndogo ya mafuta ndani ya bunduki, ili kila risasi ipakwe kabla ya kuingia kwenye chemba. Kwenye karatasi ni akili sana, na kwenye hewa safi ya Italia labda inapendeza. Lakini mafuta hayachagui rafiki. Yanashika ganda na yanashika vumbi, na kwenye jangwa bunduki ile ikapata jina baya kwa kukwama kwa sababu ya kile kile kilichowekwa ili isikwame.

Mapema 1941 Garissa ilikuwa mojawapo ya milango ambayo majeshi ya Jenerali Alan Cunningham yalipitia kuingia Somalia. Walikuwa King's African Rifles, askari wa Gold Coast, Wanigeria, Waafrika Kusini. Wengine walikata kutoka huku kupitia Liboi kwenda Afmadow. Kismayu ilichukuliwa tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25. Ukitazama ramani, ni siku 11 tu kati ya miji hiyo miwili.

Sisemi Waitalia walishindwa kwa sababu ya mafuta ya Breda. Walikuwa na matatizo makubwa kuliko hayo. Njia yao ya bahari kwenda nyumbani ilikuwa imefungwa na Waingereza, kwa hivyo kila tairi lililopasuka, kila pipa la petroli lililokwisha, kila sanduku la risasi lililofunguliwa, halikuwa na badala. Nilipoandika sentensi hiyo sikuiona uzito wake. Nilikuwa naangalia pampu, nikaipita ile habari ya badala, na ilinibidi kuirudia baadaye.

Wahandisi walipata pia njia nyingine ya kuzuia ganda lisikwame, na njia hiyo ipo kwenye bunduki wanayobeba abti na adeer. G3 ina mifereji myembamba iliyochongwa ndani ya chemba. Risasi ikilia, gesi kidogo huingia kwenye mifereji hiyo na kupita nje ya ganda, kwa hivyo ganda halijabandika kote; sehemu yake inaelea. Kazi ambayo Waitalia waliipa pampu ya mafuta, Wajerumani waliipa moshi. Ganda lililotoka kwenye G3 unalijua mara moja, lina mistari myeusi ya masizi kwa urefu wake, kama punda milia mdogo.

Kwa hivyo G3 haihitaji risasi ya mafuta hata kidogo. Zaidi ya hapo, mafuta yanaidhuru, kwa sababu mifereji ile lazima ibaki wazi. Na vumbi la Balambala si vumbi la kupiga picha. Kiangazi, gari moja likipita njia ya Sankuri, linaning'inia hewani mpaka umesahau gari lilikuwa la nani. Linaingia kwenye simu, kwenye sufuria, kwenye kope. Changanya hilo na mafuta uone. Ni uji mzito ambao ukipata moto unakuwa simenti.

Kufikia hapo makala yangu ilikuwa imekamilika kichwani. Futa mafuta. Abti ameshinda. Ila nilikuwa bado sijamsikiliza adeer.

Mtu akiishi mbali anasahau kwamba Balambala si vumbi tu. Tuna mto. Mashamba ya ndizi, maembe na vitunguu yamefuata ukingo, pampu za dizeli zinanguruma, na asubuhi fulani ukungu unatoka majini na kulala juu ya kila kitu. Novemba 2023 mvua za El Niño zilipokuja, Tana ilitoka kitandani mwake na kuingia kwenye vitanda vya watu. Familia zilihamia kwenye vilima na magunia, kuku na watoto. Adeer alihama na bunduki. Kwa majuma hakukuwa na kitu kikavu, si godoro, si msahafu, si magazini. Anasema alipozitoa risasi kuzikagua baadhi zilikuwa zimeota ile kutu ya kijani karibu na shingo. Alizifuta kwa jivu na kitambaa, akarudi kwenye kichupa chake kwa imani mpya.

"Wewe unasoma vitabu vya watu wenye kabati," aliniambia. "Mimi kabati yangu ni bega."

Na ana hoja. Ganda lililoliwa na kutu ni dhaifu na linaweza kupasuka ndani ya chemba. Kati ya kutu na vumbi, yeye amechagua adui mmoja. Tatizo ni aina ya mafuta. Mafuta ya cherehani yametengenezwa yawe mepesi ili yapenye kwenye vijitundu ambavyo kidole hakifiki, na risasi ina mahali ambapo hutaki kitu chochote kipenye. Pale kitakoni, fataki imekaa kwenye tundu lake. Kiwandani mara nyingi huzungushiwa rangi ya kuziba, lakini rangi inazeeka na kupasuka. Mafuta mepesi yakipata ufa yanaweza kuingia polepole na kuiua fataki. Kwa nje risasi inang'aa vizuri tu. Kwa ndani ni shanga.

Kiangazi cha 2022, kile ambacho mifugo ilikuwa inakufa barabarani, watu walikuja usiku kwenye boma la ngamia. Walikuwa watatu au wanne. Giza halihesabu vizuri. Adeer alikuwa karibu zaidi. Alipiga hewani, ikalia. Akaona mtu mmoja amegeuka kumtazama, akavuta tena. Tik. Hiyo tu. Ukiwa na G3 mkononi, kuvuta kile kishikio cha mbele kutoa risasi iliyogoma si kazi ya vidole viwili, na mzee ana umri. Anasema kati ya ile tik na mlio uliofuata alipata muda wa kuwataja watoto wake wote kwa majina. Abti alikuja anakimbia kutoka upande wa mto, naye akapiga, na wale watu wakaondoka na ngamia wawili. Hakuna aliyeumia. Kwa kipimo cha kiangazi kile, ulikuwa usiku mzuri.

Asubuhi yake adeer hakwenda kulala. Alipiga magoti mchangani kutafuta maganda mawili. G3 inatupa ganda mbali, mita nyingi, na kwa anayetakiwa kulirudisha hilo ni adhabu. La kwanza alilipata mapema. La pili lilimchukua mpaka jua la utosi, na watoto walikatazwa kumsaidia, kwa sababu ile ya kale niliyoitaja. Maganda ni lazima, kwa kuwa risasi zote zina hesabu. Alipewa 20. Ukitumia mbili, rudisha maganda mawili na maelezo. Na ile iliyogoma? Hiyo haijalia, kwa hivyo kwenye hesabu bado ni risasi. Anayo mpaka leo, ameifunga kwenye karatasi ya sigara, ya kuonyesha siku atakapoulizwa.

Hesabu yenyewe ina maana, nisionekane naibeza. Mwaka 2008 watafiti wa Small Arms Survey walisoma herufi zilizopigwa kwenye vitako vya risasi kule Turkana Kaskazini, na wakasema karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka huko kinyume cha sheria zilitengenezwa hapa hapa Kenya, kwenye kiwanda cha Eldoret. Kitako cha ganda ni kama kitambulisho. Kinasema ulizaliwa wapi hata ukijikuta kwa nani. Kwa hivyo mtu akisema kila risasi ijibiwe, sina ubishi.

Ila hesabu hiyo ina upande ambao haizungumzi. Inauliza zimetoka ngapi. Haiulizi zilizobaki zina umri gani.

Abti anasema ile tik ilikuwa mafuta. Adeer anasema ilikuwa uzee. Alipewa zile risasi 20 karibu miaka tisa kabla ya usiku ule, na hakuna anayejua zilikaa wapi kabla ya kumfikia. Nimekaa na swali hilo muda mrefu na sioni namna ya kumpa mmoja ushindi. Risasi ni moja, na ili kujua kilichoiua ingebidi ifunguliwe, na ikifunguliwa hesabu inavurugika. Na labda ni vyote viwili. Rangi ya kuziba ilipasuka kwa uzee, mafuta yakapita kwenye ufa.

Hapo ndipo ile habari ya Waitalia iliponirudia. Miaka tisa! Mwalimu akitumia chaki ile ile miaka tisa tutacheka. Adeer hajawahi kupiga hata risasi moja ya mazoezi katika muda wote huo, kwa sababu ya mazoezi haina maelezo. Hajui zipi ni nzima. Hajui bunduki yake inapiga kushoto au kulia. Anachoweza kufanya ni kuzitunza, na kutunza kwake ni kuzipaka. Mtu mwenye mkate wa kesho haukaushi wa leo. Anayepaka risasi mafuta miaka tisa ni mtu ambaye hajui nyingine itakuja lini, na kwa hilo adeer yuko na akili timamu kabisa. Amefanya hesabu yake kwa taarifa alizonazo. Hata abti, na usafi wake wote wa macawis, anafuta risasi za umri ule ule. Kitambaa kikavu kinaondoa vumbi. Miaka haifutiki.

Niliweka aya moja ya hayo kwenye makala ya mteja. Nilieleza kwamba jibu la "futa mafuta" linategemea uwe na namna ya kupata risasi nyingine ile moja ikikutia shaka, na kwamba kuna watu duniani wanaolinda vijiji na risasi zisizozidi 20. Aliikata. Kwa adabu, aliandika kwamba wasomaji wake hawana tatizo hilo. Na kweli hawana. Msomaji wake akishuku risasi anaiweka pembeni na kuchukua nyingine kwenye ndoo. Kwake, kufuta au kutofuta ni tofauti kati ya Jumamosi nzuri na Jumamosi mbaya. Malipo yalikuja siku ya tatu, dola zote, sina lawama.

Ila aya ile ilikataa kufa, na nilipokwenda nyumbani nilimpelekea mwenyewe. Tulikaa nje, adeer, abti na mimi, mathenge ikitupa kakivuli ka bure. Nilimweleza adeer kila kitu: ganda linavyoshika ukuta, mtihani wa Waingereza, pampu ya Breda, mifereji ya G3, fataki na mafuta yanayopenya. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo kwa mzee wa kwetu ni heshima kubwa. Aliuliza swali moja tu, kama wale Waitalia walipewa risasi kavu baadaye. Nikasema hapana, walitekwa.

Akanyamaza kidogo. "Adeer," akaniambia, "kitambaa ninacho. Niambie nani ataleta risasi."

Sikuwa na jibu, na nadhani hakutarajia nililete mimi. Lakini kuna vitu ambavyo si ndoto. Risasi za mkononi zingeweza kubadilishwa kila baada ya muda, zile kuukuu zikapigwa kwenye mazoezi chini ya usimamizi na maganda yakahesabiwa pale pale. Ile iliyogoma ingeweza kupokelewa na kuandikwa kama iliyogoma. Mtu anayejua kwamba mwaka kesho atapewa nyingine hana sababu ya kununua mafuta ya cherehani, na hesabu itakaa sawa kuliko sasa, kwa sababu aliyefungua kitabu kuandika zilizotoka ataona pia zilizozeeka. Hao ni watu ambao wengi wao kwa miaka wamefanya kazi hii bila mshahara. Kubadilishiwa risasi si zawadi.

Kwa sasa wazee wangu wamefika kwenye mapatano yao wenyewe, bila kiwanda na bila mimi. Adeer ana risasi nzima 17. Saba amezifuta kavu kabisa, kwa kipande cha macawis alichopewa na abti, na hizo ndizo zinakaa kwenye bunduki. Kumi zilizobaki amezipaka, akazifunga kwenye nailoni na kuzitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga wenye kifuniko, zikae humo mpaka zihitajike. Kila Ijumaa kabla ya swala anazitoa zile saba, anazikagua, anazirudisha. Abti bado anasema zile kumi ni mandazi. Lakini nilimwona siku ya mwisho akishika ule mkebe, akiutikisa karibu na sikio, akiangalia kama kifuniko kimekaza.